Herufi nyuma ya jina, sahihi chini ya hesabu

Kikao cha kwanza cha harusi ya mdogo wetu kilifanyika Majengo, Moshi, kwenye baa yenye viti vya plastiki na televisheni iliyozimwa sauti. Ajenda ya tatu ilikuwa kumpata mweka hazina, na haikuchukua hata dakika mbili. "Tumpe huyu, ana CPA," mwenyekiti alisema akininyooshea kidole, akimaanisha cheti changu cha taaluma ya uhasibu, makofi yakapigwa. Jioni ileile nikawa mpokeaji wa michango kwenye simu yangu, mwandishi wa daftari, mlipaji wa ukumbi, mnunuzi wa vinywaji, na ndiye nitakayesoma mapato na matumizi siku ya kuvunja kamati. Nilipouliza nani atakagua, shemeji yangu alicheka. "Si wewe mkaguzi?"

Swali lile la shemeji lina makosa mawili, na makosa hayohayo nayakuta kwa wakurugenzi waliovaa suti. La kwanza ni kudhani kila mwenye herufi nyuma ya jina ni mkaguzi, na kila mkaguzi anakagua kitu kilekile. La pili ni kumpa mtu kazi ya kushika hela, kisha kumpa yeye huyohuyo kazi ya kusema kama hela ilishikwa vizuri.

Vijana wanaomaliza Chuo cha Uhasibu pale Njiro, Arusha, hunitumia ujumbe: "Kaka, nisome CPA au CIA?" Hiyo ya pili ni ya wakaguzi wa ndani, nitaifikia. Wengine wameona tangazo la kozi ya wiki mbili ya udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kampuni za kuzuia wizi na makosa, na wanataka kujua kama inatosha. Siwajibu moja kwa moja. Nawauliza: ripoti utakayoandika ataitegemea nani, na kazi gani utakatazwa kuigusa? Ukishalijibu hilo, vyeti vyenyewe vinajipanga.

Tuanze na yule anayetia sahihi. Mkaguzi wa nje hatengenezi hesabu za kampuni, ingawa mitaani tunasema "peleka kwa mkaguzi akutengenezee hesabu". Hesabu ni mali ya kampuni. Wakurugenzi ndio wanaowajibika kuziandaa, na ndio wanaowajibika kuweka taratibu za kuzuia wizi na makosa. Mkaguzi huja baadaye, kwa niaba ya wanahisa ambao hawakuwepo ofisini, akasema kama hesabu hizo zinaonyesha hali halisi katika mambo yote yenye uzito. Benki ya pale Mnara wa Saa ikikukopesha, inaitegemea sentensi hiyo. Mamlaka ya Mapato nayo inaitegemea.

Hapa Tanzania haki ya kuiandika sentensi hiyo inatoka kwenye sheria, si kwenye ujuzi peke yake. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilizaliwa na sheria namba 33 ya mwaka 1972, na ndiyo inayotunza daftari la kitaifa la wahasibu. Daftari hilo lina madaraja. Yupo mhasibu mwenye CPA anayeajiriwa kama mimi, na yupo mwenye CPA aliyesajiliwa kufanya kazi kwa umma, anayetambulika kwa herufi CPA-PP. Mimi nimefaulu mitihani yote na nimelipa ada zote, lakini nikitia sahihi ripoti ya ukaguzi ya duka la jirani yangu, karatasi ile haina thamani. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivyo. Hata mwenye ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, pamoja na mitihani yake 13, hawezi kuruka NBAA akaenda kutia sahihi.

Njia ya kuifikia CPA vijana wanaijua: mitihani ya Mei na ya Novemba, ngazi kwa ngazi, kisha miaka mitatu ya kazi chini ya mtu mwenye sifa. Mimi somo la ukaguzi lilinirudisha Novemba. Nilikuwa nimekariri tafsiri za maneno, halafu pepa ikaja na hadithi: kampuni moja, ghala moja, meneja mmoja asiyechukua likizo miaka minne. Sema kuna hatari gani, utafanya nini. Niliandika tafsiri ya neno "hatari".

Maana ya swali lile niliielewa kwa miguu, juu ya lundo la magunia ya maharage kwenye ghala moja mtaa wa Unga Limited, Arusha, tarehe 31 Desemba, nikiwa karani mdogo wa ukaguzi. Karatasi ya ghala ilisema magunia 1,200. Mwenye ghala alikuwa mkarimu, katuletea soda, akatuonyesha jinsi ya kuhesabu: upande huu magunia kumi, upande ule kumi na mawili, kwenda juu kumi, zidisha, hesabu imekwisha. Bosi wangu alivua viatu akaniambia, "Panda." Nilipanda. Katikati ya lundo palikuwa na shimo, magunia yamepangwa kuzunguka hewa kama kuta za kisima. Yalikuwa 1,046. Soda hatukuzimaliza.

Hiyo ndiyo kazi ya mkaguzi wa nje kwenye ubora wake: haridhiki na maelezo, anapanda. Lakini ina mpaka wake, na mpaka huo ndio watu wasiouelewa wanaposikia "hati safi". Maoni ya mkaguzi ni ya aina nne: hati safi, hati yenye shaka, ambapo kila kitu ni sawa isipokuwa jambo fulani, hati isiyoridhisha, ambapo hesabu zenyewe zinapotosha, na ile ambayo mkaguzi anakataa kutoa maoni kwa sababu hakupata ushahidi. Hati safi haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Inasema hakuna kosa kubwa kiasi cha kumpotosha msomaji, na hata hilo linasemwa kwa uhakika wa kuridhisha, si uhakika kamili.

"Kubwa kiasi" ni tarakimu. Mkaguzi huipiga mwanzoni mwa kazi, mara nyingi kwa kuchukua asilimia ndogo ya mauzo au ya faida. Tuchukue kampuni ya utalii ya Arusha yenye mapato ya shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Kwa asilimia moja, kosa lisilofika milioni 60 halimbadilishii msomaji uamuzi. Sasa chukua risiti moja ya mafuta kutoka kwenye bahasha ya masurufu ya dereva aliyerudi Serengeti. Ni risiti ya EFD, mashine ya kodi, halali kabisa, ina tarehe na namba ya gari. Inasema lita 196 za dizeli kwa mara moja. Gari lenyewe ni Land Cruiser yenye matangi mawili, na yote mawili yakijaa ni lita 180. Lita 16 zimeingia wapi, mfukoni?

Tuseme mchezo huo unaila kampuni laki tatu kwa mwezi kwa kila gari, na magari ni matano. Kwa mwaka ni milioni 18. Mkaguzi wa nje huenda akaichukua risiti hiyo kwenye sampuli yake, na huenda asiichukue. Asipoichukua, hesabu bado ni sawa kwa kipimo chake: mafuta yalilipiwa, risiti ipo, gharama imeandikwa panapostahili. Hati safi inatoka, na dereva anaendelea kujaza tangi lisilokuwepo. Akiikuta, ataitaja kwenye barua anayoiandikia menejimenti kuhusu udhaifu wa udhibiti. Barua hiyo, kwa uzoefu wangu, ndiyo karatasi yenye faida kuliko zote anazoziacha na ndiyo inayosomwa kidogo kuliko zote.

Wa kuifuatilia risiti ya lita 196 ni mkaguzi wa ndani. Ameajiriwa na kampuni hiyohiyo, lakini ripoti zake zinatakiwa ziende kwenye bodi, au kamati yake ya ukaguzi, si kwa mkuu wa fedha anayemkagua. Yeye hapimi kwa milioni 60. Hata dereva mwenyewe si swali lake la kwanza. Anauliza kwa nini mfumo ulimruhusu. Nani anaidhinisha masurufu? Kilomita zinaandikwa gari likitoka na likirudi? Kuna mtu aliyewahi kulinganisha lita na kilomita, au karani anakagua tu kama risiti ina muhuri?

Maswali hayo yamepangwa kwenye mfumo unaotumika karibu dunia nzima, wa kamati ya Marekani inayoitwa COSO. Ulitoka mwaka 1992, ukafanyiwa marekebisho mwaka 2013, na una nguzo tano: mazingira ya udhibiti, kutathmini hatari, shughuli za udhibiti zenyewe, taarifa na mawasiliano, na ufuatiliaji. Wanafunzi huzikariri kama sala. Nawashauri wazipeleke kwenye kamati ya harusi. Mwenyekiti anayechukua bia za kamati bila kuandikisha ameshaharibu nguzo ya kwanza, na zilizobaki hazina pa kusimama.

Cheti cha mkaguzi wa ndani ni CIA. Ndiyo, herufi ni zile za majasusi, na mzee mmoja wa Machame aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe ameanza kutumikia Wamarekani. Kinatolewa na taasisi ya wakaguzi wa ndani, IIA, iliyoanzishwa New York mwaka 1941 na sasa ina makao yake Lake Mary, Florida. Mitihani ni mitatu, yote ya kuchagua jibu kwenye kompyuta: wa kwanza maswali 125 kwa dakika 150, mingine miwili maswali 100 kila mmoja kwa dakika 120. Alama zinapangwa kati ya 250 na 750, na kufaulu ni 600. Mwenye digrii ya kwanza anatakiwa awe na miaka miwili ya kazi, mwenye uzamili mmoja. Angalizo kwa wanaorithi notisi za kaka zao: viwango vipya vya ukaguzi wa ndani vilitolewa Januari 2024 na vimeanza kutumika tarehe 9 Januari 2025. Kitabu cha zamani kitakufelisha kwa uaminifu mkubwa.

CIA haikupi sahihi ya ukaguzi wa nje. Inakupa lugha na nidhamu ya kukaa ndani ya nyumba bila kuwa mwenyeji. Ukiandika hati za malipo asubuhi huwezi kuzikagua jioni. Ndiyo maana mkaguzi wa ndani anayeombwa "asaidie kidogo uhasibu" mwezi wa kufunga hesabu anatakiwa akatae, na ndiyo maana katika ofisi ndogo za kwetu kukataa huko kunaonekana ni kiburi.

Kuna kisa ambacho kila mwalimu wa somo hili anakitumia, na kinastahili. Mwaka 2002 Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani wa kampuni ya simu ya WorldCom, aligundua pamoja na timu yake kwamba gharama za kawaida za kukodi laini zilikuwa zinaandikwa kama mali za kudumu. Gharama inapunguza faida mwaka huohuo, lakini mali inagawanywa miaka mingi. Ukiihamisha ya kwanza ikawa ya pili, faida inafura. Hesabu ya awali ilikuwa dola bilioni 3.8. Mkaguzi wa nje alikuwa Arthur Andersen, kampuni ileile iliyokuwa imeikagua Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka Desemba 2001. Mwezi Julai 2002 Marekani ikatunga sheria ya Sarbanes-Oxley. Kifungu chake cha 404 kinawataka viongozi wa kampuni zilizoorodheshwa sokoni waseme kwa maandishi kama udhibiti wao wa taarifa za fedha unafanya kazi, na kwa kampuni kubwa mkaguzi wa nje naye atoe maoni yake juu ya udhibiti huo.

Usidhani ni mambo ya mbali. Hisa za AngloGold Ashanti wenye mgodi wa Geita, na za Barrick wenye North Mara, zinauzwa New York. Kijana aliyesoma Njiro akipata kazi ya uhasibu huko, wiki ya kwanza ataulizwa ushahidi kwamba malinganisho ya benki yalipitiwa na mtu mwingine, lini, na alama yake iko wapi. Ataiita "kazi ya Sox", kifupi cha Sarbanes-Oxley, kwa kuchoka. Kwa kampuni ya kawaida ya Arusha isiyo na hisa huko, mkaguzi wa nje huuchunguza udhibiti ili apange kazi yake tu. Maoni rasmi juu ya udhibiti wenyewe hatoi. Tofauti hiyo ndogo inasumbua sana kwenye usaili.

Kwa sababu ya soko hilo, mtandao umejaa kozi za udhibiti wa ndani na za ripoti za fedha zenye vyeti vinavyong'aa. Baadhi ni nzuri. COSO wenyewe wana cheti chao, kinachotolewa kupitia vyama wanachama wake ikiwemo IIA, na ni mafunzo ya maana. Ila kuna cheti cha kozi na kuna cheti cha taaluma. Kipimo changu ni kimoja: je, wanaweza kukunyang'anya? CPA inaweza kufutwa ukivunja maadili, na CIA vivyo hivyo, tena lazima uithibitishe kwa saa 40 za kujifunza kila mwaka kama unaifanyia kazi. Karatasi ya semina uliyopewa kwenye ukumbi wa mikutano wa AICC baada ya chakula cha mchana hakuna atakayekuja kuidai. Itundike ukutani, lakini usiiandike nyuma ya jina.

CISA naigusa kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Ni ya wakaguzi wa mifumo ya kompyuta, inatolewa na ISACA, ipo tangu 1978: maswali 150 kwa saa nne, kufaulu ni alama 450 katika kipimo kinachoishia 800, na miaka mitano ya uzoefu ambayo sehemu yake inaweza kufidiwa na masomo. Uhasibu wa leo umo ndani ya programu. Mhasibu mkuu akienda likizo Marangu akamwachia keshia nywila yake "ili kazi isikwame", keshia sasa anaweza kuandaa malipo na kuyaidhinisha mwenyewe, na mfumo utaonyesha sahihi mbili. Kwenye karatasi pako safi kabisa. Wa kuliona hilo ni mtu anayejua kusoma kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo, na CPA nyingi, yangu ikiwemo, hazikufundishwa hivyo.

Ya wachunguzi wa udanganyifu ni CFE, kutoka chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Ripoti yao ya mwaka 2024 ina takwimu ninayopenda kuisoma mbele ya wakaguzi wenzangu ili tunyenyekee. Katika kesi walizozichambua, asilimia 43 ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, asilimia 14 na wakaguzi wa ndani, na asilimia 3 na wakaguzi wa nje. Mlinzi wa geti anayejua dereva yupi anauza mafuta ni mali kwa kampuni, kama kuna mahali pa kusemea bila kufukuzwa.

Moshi ina tawi lake la habari hii. Ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, uliandikishwa mwaka 1933, na mji umelea chuo cha ushirika tangu 1963, ambacho leo ni chuo kikuu. Vyama vya ushirika vina mkaguzi wao wa kisheria, COASCO, aliyeundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wamiliki hapa si wanahisa wa Dar es Salaam. Ni mama aliyeshuka na ndoo ya kahawa kichwani, ikapimwa, akapewa stakabadhi. Udhibiti wote umo katika vitu vitatu vinavyopaswa kukubaliana: mzani, stakabadhi na daftari la chama. Mzani ukila nusu kilo kwa kila mkulima, stakabadhi na daftari vitakubaliana vizuri sana, na vyote viwili vitakuwa vinadanganya. Kwa hiyo mkaguzi wa AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, anayekaa ofisini na madaftari bila kuupima mzani hajaanza kazi. Nina neno jingine hapo: ripoti ya mkaguzi isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, pole pole, na mkulima aruhusiwe kuuliza bei ya mnada ilikuwa ngapi na makato ni ya nini. Nimekaa mikutano ambayo ripoti iligawiwa kwa Kiingereza ikatumika kupepea nzi.

Basi CPA au CIA? Kama utabaki kwenye hesabu hapa Tanzania, anza na CPA, maana sheria haitakungojea, na karibu kila tangazo la kazi ya ukaguzi linaiulizia. CIA ije ukishakaa ndani ya kampuni na kuona risiti zako za lita 196. Aliyesoma kompyuta asijilazimishe: aende CISA. Kukusanya zote ni gharama, kwa sababu kila moja ina ada ya mwaka na saa zake. CISA peke yake inadai saa 120 kila miaka mitatu. Na wewe unayetafuta wa kukukagulia, usisome kadi ya biashara. Orodha ya wanachama na kampuni zilizosajiliwa iko NBAA, uliza jina limo katika daraja gani.

Kuhusu harusi, nilikataa. Michango ikaingia kwenye simu ya binamu yetu wa Kiboriloni, malipo akafanya shemeji, mimi nikabaki na daftari tu. Ukaguzi tulimpa mama mdogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, asiye na herufi yoyote nyuma ya jina. Siku ya kuvunja kamati alivaa miwani, akapitia risiti moja moja huku watu wakila, kisha akainua mbili juu, akaitafuta ya tatu kwenye bahasha, akaipata.

"Ndafu hapa zimelipiwa tatu," alisema. "Ukumbini mimi nimeziona mbili."

Shemeji aliweka glasi chini, akaanza kutafuta namba ya mchomaji.